Mlango Usiokwama

Daktari wa chumba cha maiti hakuwa mtu wa kupiga simu. Akiwa na neno huliandika, akaligonga muhuri, likafika mezani kwa watu likiwa limekwisha kupoa. Kwa hiyo asubuhi ile Bi Tena aliposikia sauti yake kwenye simu, aliweka kikombe chini kabla hajaambiwa chochote.

"Huyu mtu wenu," daktari alisema, "sijaona kilichomuua."

"Daktari, gari lake limepasuka vipande viwili."

"Gari nimesikia. Yeye hajapasuka."

Bi Tena hakuwa amezaliwa na jina hilo. Alipewa na polisi wenzake, kwa sababu shahidi akimaliza kusimulia, yeye hukaa kimya kidogo, kisha husema, "Hebu tena, toka mwanzo." Kuna wezi waliokiri kwa kuchoka tu. Sasa alimwambia daktari vilevile, na daktari akarudia, polepole, kama mtu anayesoma dawa kwenye chupa. Shingo nzima. Moyo na mishipa yake mikubwa, salama. Fuvu halina ufa. Mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti, lakini mguu hauui mtu. Alama ya mkanda imekaa begani na kifuani palepale inapotakiwa kukaa, imevilia damu na kuanza kuvimba, maana yake moyo ulikuwa bado unapiga baada ya ajali. Kisha ndani ya kope za macho kuna vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano, na mdomo wa juu umechanika kwa ndani, kwenye meno yake mwenyewe.

"Huyo alikosa hewa," daktari alimaliza. "Kilichomkosesha ndicho nisichokijua. Familia inakuja kumchukua saa sita, wanazika leo. Nikitaka kumzuia ni lazima niwe na sababu, na sababu mimi sina. Nitafutie."

Marehemu alikuwa mwenye kampuni ya mabasi, mtu mashuhuri mjini, na watu walimwita Bwana Mkanda. Basi lake halikutoka kituoni mpaka kila abiria awe amefunga mkanda, na utingo aliyelegea alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Abiria walimcheka, lakini walipanda mabasi yake. Starehe yake moja ilikuwa gari la mbio, la rangi ya chungwa, la chini kiasi kwamba ukipita karibu nalo unaliona paa lake. Jumamosi asubuhi alikuwa akiliendesha kwenye barabara ya mchepuko, akaingia kona kwa mwendo mkali, akakuta mchanga uliomwagwa na lori, akaenda kuugonga ukuta wa zege. Injini ilikwenda upande wake. Gurudumu moja lilikutwa shambani. Picha zilizagaa mji mzima, na kila aliyeziona alisema hapo hata panya hatoki.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa mdogo wake, aliyekuwa akimfuata kwa pikapu ya kampuni. Maelezo yake yalichukuliwa palepale barabarani, trafiki wakaandika ukurasa mmoja, na Mkuu wa kituo alitaka jalada hilo lifungwe kabla ya chakula cha mchana. Bi Tena hakwenda kumwomba ruhusa. Alimchukua sajini wake, mtu mnene mwenye miguu myepesi, wakaenda yadi.

Mabaki yalikuwa yamefunikwa turubai kwenye kona ya ukuta. Pembeni yake alikuwapo mhandisi aliyetumwa na wauzaji wa gari, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za kazi, akiwa amepiga goti na tochi mdomoni. Alipowaona akaitoa tochi, akaifuta kwenye suruali, akasema alikuwa anawasubiri polisi tangu jana na alidhani hakuna atakayekuja.

Wakalifunua. Sajini aliguna. Mbele ya gari palikuwa pamebaki vipande vilivyosagika kama biskuti. Nyuma hapakuwa na kitu kabisa, waya tu zikining'inia. Lakini katikati, pale anapokaa mtu, palikuwa pamesimama kitu kama yai jeusi, zima.

"Watu wakiona gari limesambaratika hivi wanasema si imara," mhandisi alisema. "Limetengenezwa lisambaratike. Wewe ukiruka kutoka ukutani unakunja magoti. Ukitua umenyoosha miguu, mifupa ndiyo inayoumia. Sasa hii pua ya mbele ndiyo magoti ya gari. Inasagika ili mshindo uishie humo."

"Na injini?"

"Injini ni mzigo. Ikibaki nyuma ya mtu itamsukuma mgongoni. Vishikizo vyake vimewekwa vikatike. Ikiondoka, inaondoka na sehemu yake ya mshindo."

Aligonga lile yai jeusi kwa fundo la kidole, likalia kavu. Akaeleza kwamba hilo ni kapu la nyuzi za kaboni, zimesukwa tabaka juu ya tabaka na kuokwa, na kazi yake ni moja tu, kutokubali kubonyea. Akachukua fimbo ya kupimia, akaipachika ndani kutoka nguzo hadi nguzo, akawaonyesha kuwa chumba hakikupungua hata unene wa kidole. Ule mguu uliovunjika aliweza kuueleza, kwa sababu kanyagio la breki lilirudi nyuma kidogo. Zaidi ya hapo, alisema, mtu aliyekaa humo na mkanda wake alipaswa kutoka akichechemea na kulaani.

Bi Tena alizunguka mara moja, akarudi. Hakuwa na subira ya kusimama mahali pamoja siku hiyo. Saa ya ukutani kwenye kibanda cha mlinzi ilikuwa ikionekana kutoka pale, na kila alipogeuka aliiona.

"Alikosa hewa," alisema. "Nipe kitu humu kinachoweza kumkosesha mtu hewa."

Sajini ndiye aliyewahi. Alinyoosha kidole kwenye usukani, ambapo mfuko wa hewa ulikuwa umening'inia kama soksi iliyofuliwa. Si huo humrukia mtu usoni? Ukimfunika pua na mdomo je?

Mhandisi aliushika mfuko, akaugeuza, akawaonyesha matundu mawili nyuma yake. Alisema mfuko hujaa na kuanza kutoa hewa kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho, kwa sababu ukibaki mgumu utamuumiza yule uliotaka kumwokoa.

"Mimi nikikasirika nachukua muda zaidi kupoa," sajini alisema.

Wakaenda kwenye mkanda. Mhandisi aliuvuta mpaka mwisho, akawaonyesha mahali ulipokwaruzika. Kuna baruti kidogo kwenye kifaa chake, alisema, inauvuta mkanda na kumbana mtu kitini kabla mwili haujaanza kwenda mbele. Kisha, mzigo ukizidi, mkanda unajilegeza kidogo kidogo ili usivunje mbavu. Mikwaruzo ilionyesha umefanya yote mawili. Na ulipita begani, mbali na koo. Moshi? Hakukuwa na moto. Tangi liko nyuma ya kapu, limevikwa ngozi ya mpira, halikuvuja hata tone. Daktari naye alikuwa amekwisha kusema koo halina masizi.

Kila walipogusa, gari lilikuwa limefanya kazi yake. Bi Tena alianza kuona kwamba alikuwa akimhoji shahidi asiye na kosa.

"Sajini, nisomee maelezo ya mdogo wa marehemu. Pale kwenye mlango."

Sajini akalamba kidole, akafunua. "'Mlango ulikuwa umekwama. Nilichukua nondo kwenye pikapu nikaupigapiga na kuutekua kwa muda mrefu mpaka ukafunguka. Nilimkuta kaka ameshakata roho.'"

Mhandisi aliwatazama wote wawili. Kisha akaweka vidole viwili chini ya ukingo wa mlango wa dereva na kuuinua. Ulipanda juu taratibu kama bawa la kuku aliyelala, ukakaa.

"Ulikuwa hivyo?" Bi Tena aliuliza. "Hamkuurekebisha?"

"Sijaugusa mpaka jana, na ulifunguka hivihivi. Gari likigonga, vitasa vinajiachia vyenyewe. Mtu wa nje asihangaike."

Bi Tena alipiga magoti. Alipitisha kucha ukingo mzima wa mlango, kuanzia juu mpaka chini, kisha akapitisha tena. Rangi ya chungwa ilikuwa inateleza kama sahani. Ukiutekua mlango kama huo kwa nondo, alisema mhandisi, rangi itatoka kwa magamba na nyuzi zitachanika. Sajini akauliza kama huenda jamaa alianzia mlango wa pili. Wakazunguka. Mlango wa pili ulikuwa umesagwa na ukuta wa zege wenyewe, na katika picha za trafiki gari lilikuwa limelala limeuegemea. Hapakuwa na nafasi ya kupita hata paka.

"Kuna sanduku la kumbukumbu," mhandisi alisema. "Liko chini ya kiti. Linashika mwendo, breki, mkanda, hata milango. Lakini kulisoma kunataka muda."

"Lisome. Mimi naenda kuzungumza na mtu."

Ofisi ya mabasi ilikuwa juu ya karakana, na sakafu yake ilitetemeka kila injini ilipowashwa chini. Kwenye misumari ya ukutani zilitundikwa jaketi za kazi za buluu, msumari mmoja ukiwa mtupu. Karani wa mapokezi alikuwa na macho mekundu. Bi Tena alimwachia sajini, kwa sababu sajini alikuwa na kipaji cha kukaa karibu na mtu anayelia bila kusema kitu mpaka mtu huyo aseme yeye.

Mdogo wa marehemu alikuwa na mvi nyingi kuliko kaka yake, ila mpaka madereva walioajiriwa jana walimwita Mdogo. Yeye ndiye aliyesimamia karakana. Alivaa suti nyeusi iliyopigwa pasi vizuri, akaomba radhi kwamba hana muda, kwani ndiye anayekwenda kuutoa mwili. Alimkaribisha kiti. Bi Tena hakukaa.

"Nakupa pole," alisema. "Nataka tu kulifunga jalada. Hebu nieleze tena, toka mwanzo."

Alieleza. Alikuwa nyuma kwa mbali. Akaona vumbi, akasikia mshindo, akakanyaga mafuta. Akafika, akakimbia mlangoni, mlango ukagoma. Akachukua nondo. Alieleza vizuri, kwa sauti ya chini, karibu neno kwa neno kama ilivyoandikwa barabarani siku ile, na hilo Bi Tena hakulipenda. Mtu aliyeona jambo kwa macho yake husahau kitu hapa na kuongeza kitu pale.

"Uliiweka wapi nondo?"

"Kwenye kitasa. Hapa pembeni."

"Ukatumia nguvu?"

"Nguvu zangu zote. Mikono ilikufa ganzi."

"Ulimwita?"

"Nilimwita sana. Hakuitika. Alikuwa ameshakwenda, afande. Pale nani angepona?"

Bi Tena alitazama mikono yake. Ilikuwa safi, haina hata mchubuko. Hakuitaja. Aliuliza tu kwa nini kaka yake aliendesha kwa kasi ile, na yeye akajibu kwamba kaka alipenda kasi, kila mtu anajua. Aliuliza kwa nini alikuwa akimfuata. Mdogo alinyanyua mabega: walikuwa wanakwenda mahali pamoja. Wapi? Nyumbani. Barabara ya mchepuko haiendi nyumbani. Kwa kuzunguka, inaenda.

Kisha yeye mwenyewe akaongeza, akitazama saa yake, "Kama kuna maswali zaidi niulizeni mimi. Mama msimsumbue. Tangu Jumamosi hasemi na mtu, na daktari amesema asisemeshwe."

Hakuna aliyekuwa amemtaja mama. Bi Tena alisema ni sawa, akampa mkono, akashuka ngazi.

Sajini alikuwa ameshamaliza kazi yake. Kwa maelezo ya karani, mwezi uliopita basi moja la kampuni lilikosa breki mteremkoni likaingia mtaroni, na utingo akakatwa mguu. Karakana ilikuwa imesema breki zile zimebadilishwa. Jumamosi asubuhi Bwana Mkanda alitambaa chini ya basi hilo yeye mwenyewe, na nguo zake, akatoka na breki kuukuu mkononi. Ofisi nzima ilisikia. Alimwambia mdogo wake kwamba watu wanapanda mabasi haya kwa kumwamini yeye, na kwamba Jumatatu atakwenda polisi na breki ile, awe ndugu asiwe ndugu. Kisha akaondoka kwa hasira na gari lake, na Mdogo akachukua jaketi yake msumarini na kumfuata.

"Breki yenyewe?" Bi Tena aliuliza.

"Haionekani. Na jaketi haijarudi."

"Kudanganya juu ya mlango si kuua," Bi Tena alisema, akiwa anaongea zaidi na kioo cha gari kuliko na sajini. "Mtu anaweza kufika, akaogopa, akakaa kwenye pikapu yake anatetemeka, halafu akaona aibu kusema. Wakili yeyote atalisema hilo."

Simu yake ikaita. Alikuwa mhandisi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kwanza alisema kuhusu ajali. Breki zilikanyagwa mpaka mwisho, usukani ulikatwa kuukwepa mchanga. Ilikuwa ajali ya kweli, hakuna mtu aliyelichezea gari. Mkanda ulifungwa. Halafu mlango. Baada ya gari kusimama, mlango wa dereva ulifunguliwa. Ukafungwa. Ukafunguliwa tena.

"Ulifunguliwa baada ya muda gani?"

"Mara tu. Ni kama mtu alifika hapohapo. Lakini kuna lingine, na hili ningewaambia yadini kama ningejua mwenye gari alikuwa ameliwasha. Mifuko ya hewa ikilipuka, gari hupiga simu lenyewe. Lina laini yake na betri yake. Kwingine simu inakwenda kituo cha kampuni. Hapa hakuna kituo, kwa hiyo mwenye gari anaweka namba anayoitaka. Yeye aliweka. Gari lilipiga, ikapokelewa, na simu ikabaki wazi mpaka betri ilipokatwa na watu wa zimamoto."

"Yaliyosikika yamehifadhiwa?"

"Hapana. Linaunganisha tu. Anayepokea anasikia kila kitu cha ndani ya gari, na sauti yake inatokea kwenye spika."

Akazisoma tarakimu. Sajini akazilinganisha na zile zilizoandikwa kwenye jalada chini ya majina ya ndugu wa karibu, kisha akalifunga jalada na kulishikilia kifuani kwa mikono miwili. Bi Tena alimpigia daktari, akamwambia sababu imepatikana, asiutoe mwili kwa mtu yeyote. Daktari alijibu kwamba naye ametoa uzi mmoja katikati ya meno ya mbele ya marehemu, uzi mzito wa pamba, wa buluu. Bi Tena hakumwachia amalize.

Nyumba ya mama ilikuwa imejaa. Viti vya kukodi vilipangwa uani, wanaume wakizungumza kwa sauti ya chini, wanawake ndani. Shangazi wa marehemu alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba, na alipomwona mgeni akanyanyua kiganja. Alisema kwa upole kwamba Mdogo ameagiza asiingie mtu, mama amepigwa na msiba mpaka ulimi umekufa.

"Nimekuja kumpa pole, shangazi. Nikimwona hataki, natoka."

Shangazi alimpima kwa macho, akasogeza kigoda.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima, uso ukutani. Hakuwa mtu aliyelegea. Khanga yake ilifungwa vizuri, mikono imewekwa mapajani kama ya mtu anayesubiri kuitwa. Bi Tena alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimwamkia shikamoo. Mama aliitikia kwa kichwa.

"Mama, simu yako iko wapi?"

Nje mtu alikohoa.

"Anayo yeye," mama alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa na ugonjwa wowote. "Aliichukua Jumamosi hiyohiyo. Alisema nipumzike na simu za watu."

"Gari la mwanao lilikupigia."

Mama aligeuka. Alimtazama kwa muda mrefu, si kwa mshangao, bali kama mtu aliyeona wageni wakikaribia tangu mbali.

"Binti," alisema, "mimi nimezaa wawili. Mmoja yuko kwenye friji. Ukinitaka niseme, nabaki na nani?"

Bi Tena alisogeza kiti karibu. Alisema tu kwamba mwanawe mkubwa hakuuawa na gari. Alimweleza, kwa maneno machache, jinsi lile gari lilivyojivunja ili yeye asivunjike, jinsi mkanda ulivyomshika na kumwachia, na kwamba mhandisi aliyelipima alisema mwanawe alipaswa kutoka akichechemea. Alimwambia hilo kwa sababu aliona ana haki ya kulijua.

"Najua alikuwa mzima," mama alisema. "Nilimsikia."

Akasimulia. Alikuwa anakunja nguo. Simu iliita, namba asiyoijua, akapokea, akasikia vumbi. Alisema hivyo, alisikia vumbi, na pumzi ya mtu. Akajua ni pumzi ya mwanawe kabla hajasema neno. Kisha akamsikia akiguna na kusema, "Mguu." Kisha mlango, na sauti ya mdogo, inahema. Mkubwa akasema, "Umefika. Nitoe, ndugu yangu, niko mzima, mguu tu." Na yeye mama, huku nyumbani, akakaa chini kwenye nguo zake na kumshukuru Mungu kimoyomoyo, hakutaka kuwakatiza.

"Halafu mdogo akamuuliza. Akamuuliza, 'Jumatatu bado utakwenda?' Mwenzake akamjibu, 'Nitoe kwanza.' Akamuuliza tena. Akajibiwa, 'Nitakwenda.' Huyu mwanangu hajui kudanganya, hata kwa faida yake."

Alilainisha khanga gotini.

"Baada ya hapo ilikuwa nguo. Nilisikia nguo. Na miguu inapiga kitu. Nikapiga ukelele. Nilimwita yule mdogo kwa jina lake la utotoni, nikamwambia mwache ndugu yako. Ikawa kimya. Akasema, 'Mama?' Kama alivyokuwa akiniita gizani alipokuwa mtoto. Kisha akaufunga mlango, niko palepale ndani, sauti yangu iko mle ndani na mwanangu, namwita huyu mkubwa, na haitiki. Alipoufungua tena, sikusikia chochote. Nilikata mimi mwenyewe? Sikumbuki. Jioni alikuja hapa, akapiga magoti, akachukua simu. Hakusema. Nami sikusema. Analeta chai kila asubuhi na tunatazamana."

"Kwa nini hukumwambia mtu, mama?"

"Kwa sababu nilichelewa. Ningepiga ukelele mwanzo, alipouliza lile swali la kwanza. Nililijua swali lile, binti. Nimelea watu hawa. Nikakaa kimya, nikadhani watapatana."

Mlangoni palisikika sauti za watu wakimpisha mtu. Mdogo aliingia bila kubisha, bado na suti yake, uso umejaa hasira ya mtu aliyenyimwa maiti. Alianza kusema kwamba hospitali wanamchezea, kisha akaona nani amekaa kwenye kiti, na akaona kwamba mama yake hatazami ukuta. Sajini alikuwa tayari nyuma yake, akiziba mwanga wa mlango.

Hakukimbia. Alimtazama mama yake tu.

"Umesema?"

"Nimesema."

Alitikisa kichwa taratibu, kana kwamba amejibiwa kuhusu jambo dogo la nyumbani. Bi Tena alisimama na kumwomba simu ya mama. Mdogo aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti, ikiwa imezimwa, akaiweka juu ya kitanda, mbali na mkono wa mama. Bi Tena alimuuliza jaketi iko wapi. Alijibu iko chini ya kiti cha pikapu, na breki pia iko huko. Alisema alidhani ni jambo la muda mfupi, kwamba gari likishakuwa vile hakuna atakayeuliza. Hakuulizwa zaidi pale.

Mama alinyoosha mkono kwa Bi Tena ili asaidiwe kusimama. Alipokuwa amesimama, alimwambia mwanawe, "Nenda nao. Usinisubirishe." Kisha akamwita shangazi na kumuuliza maji ya kuoga yako wapi, kwa kuwa alikuwa na mtu wa kuzika.

Bi Tena hakutoa pingu. Alimshika kiwiko, sajini akashika kingine, wakapita uani katikati ya viti. Watu waliinuka kwa heshima kama inavyostahili mfiwa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na lango, ambaye hakujua kitu, alimkamata Mdogo mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwambia pole sana, kumpoteza kaka si jambo dogo.

"Asante," Mdogo alisema. Mzee hakumwachia haraka, nao wakasimama hapo wakisubiri amalize.